Sheria Imemkamata Msambazaji, Imemwacha Mwenye Mtambo

Chukua odio ya sekunde arobaini. Inaingia alfajiri katika kundi la WhatsApp la wamotari (waendesha pikipiki) wa Iga Barrière. Sauti ya mwanamume asiyejitaja inasema barabara ya Mongbwalu leo haipitiki, na kwamba mfanyabiashara fulani, anayetajwa kwa jina, ndiye anayewapelekea risasi watu wa msituni. Soko halijachangamka bado, odio imeshafika Bunia. Adhuhuri mtu ameiweka Facebook pamoja na picha ya yule mfanyabiashara akiwa harusini. Jioni inazunguka TikTok ikisindikizwa na muziki wa huzuni. Siku ya pili duka limevunjwa, na familia imekimbilia mjini na mabegi mawili.

Mfano huu nimeutunga, lakini hakuna mkazi wa Djugu atakayeuona kuwa kioja. Swali linalonisumbua ni hili: nani awajibike? Aliyerekodi hajulikani. Waliosambaza ni mamia. Kampuni zilizoichukua sauti hiyo, zikaipachika mbele ya macho ya watu ambao hawakuitafuta, na kuuza matangazo pembeni yake, ziko ng'ambo. Kwa sheria ya Kongo kama ilivyo leo, wa kwanza kufikiwa ni mmotari aliyebonyeza kitufe cha kupeleka mbele. Naamini sheria imeshika ncha isiyo sahihi, na kwamba njia za kuigeuza zipo tayari, nyingine katika vitabu vyetu wenyewe vya zamani.

Iga Barrière iko takriban kilomita 25 kaskazini mwa Bunia, katika eneo la Djugu, mkoani Ituri, kwenye barabara ya taifa namba 27. Hapo ndipo njia ya Mongbwalu inapoachana na ile ya Fataki na Mahagi. Dhahabu, magari ya mizigo, wachuuzi wa soko na wahami wa vita wote hukutana hapo. Tangu Desemba 2017 Djugu haijapumzika. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wapiganaji wa kundi la CODECO waliingia kambi ya wahami ya Plaine Savo na kuua watu wapatao 60. Januari 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kupatikana kwa makaburi ya pamoja huko Nyamamba na Mbogi, yenye miili 49. Upande wa pili kuna kundi la Zaïre, linalojiita la kujilinda, na lenyewe limemwaga damu ya raia.

Katika nchi ya namna hiyo, ujumbe kuhusu barabara ni chakula. Dereva anayeondoka Iga Barrière kwenda Mongbwalu hasubiri tangazo la gavana, anasikiliza odio. Mama anayetaka kurudi shambani kwake kuchimba mihogo anasikiliza odio. Aliyepata habari ya hatari akakaa nayo kimya, halafu jirani akauawa njiani, ataulizwa maisha yake yote kwa nini hakusema. Hapo kusambaza ni wajibu wa ujirani, na mtu huutimiza kabla hajapata muda wa kuhakikisha. Sheria inayotaka kugusa jambo hili sharti ianze kwa kulielewa.

Kanuni ya Dijitali ya Kongo ilitoka tarehe 13 Machi 2023, kwa amri-sheria namba 23/010. Ilifuata sheria ya mawasiliano namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na ni kazi pana: biashara ya mtandaoni, saini za kielektroniki, data za watu, usalama wa mifumo, makosa ya jinai. Siidharau. Sehemu yake ya data binafsi ilikuwa ikingojewa kwa muda mrefu. Kenya na Uganda zilikuwa na sheria za namna hiyo tangu 2019, na Tanzania ikatunga yake 2022. Lakini kifungu kinachomgusa mmotari wetu ni cha 360. Kwa maneno yangu, kinasema kwamba yeyote anayeanzisha au kupeleka mbele habari ya uongo dhidi ya mtu kupitia mitandao ya kijamii au mfumo wowote wa kielektroniki, atafungwa mwezi mmoja hadi sita na kutozwa faini ya faranga za Kongo 500,000 hadi 1,000,000, au mojawapo ya adhabu hizo.

Tazama jinsi kilivyoandikwa. Aliyebuni uongo na aliyeupokea akaupeleka mbele wamewekwa katika sentensi moja, na adhabu yao ni ileile. Tena kifungu hakidai kwamba mpelekaji awe alijua kuwa habari ni ya uongo. Wakili hodari atasema hakuna jinai bila nia, na atakuwa sahihi kwa misingi ya sheria ya jinai. Ila mteja wake atakuwa ameshalala mahabusu majuma kadhaa wakati hoja hiyo ikijengwa. Na mwenye fedha ya wakili hodari pale Iga Barrière ni nani? Maneno “dhidi ya mtu” yanampunguzia mzigo aliyeonya tu kwamba barabara ni mbaya. Lakini maonyo ya Djugu mara nyingi huja na jina la mtu au la kijiji. Katika odio yetu, onyo na tuhuma vimo katika pumzi moja. Mmotari alitaka kuokoa wenzake njiani, akajikuta amebeba jina la mtu mwingine.

Majirani zetu wameshapita hapa. Kenya ilikuwa na kifungu cha 29 cha sheria yake ya habari na mawasiliano, kilichoadhibu matumizi mabaya ya mitambo ya mawasiliano kwa maneno mapana mno. Jaji Mumbi Ngugi alikifuta tarehe 19 Aprili 2016 katika kesi ya Geoffrey Andare. Uganda ilikuwa na kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011. Mahakama ya Katiba ikakifuta tarehe 10 Januari 2023, kwa sababu raia hawezi kujua mapema neno lipi litamfunga. Miezi miwili baadaye, Kinshasa ikatia saini kifungu cha 360. Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishaziambia nchi katika Tamko lake la 2019, kanuni ya 22, zifute sheria zinazofanya uchapishaji wa habari za uongo kuwa jinai. Kongo ni mwanachama wa Mkataba wa Afrika. Haikuwa inaandika katika ukurasa mtupu.

Sitaki kueleweka vibaya. Kuna maneno yanayostahili jela. Kongo ina amri-sheria ya tarehe 7 Juni 1966 dhidi ya ubaguzi wa rangi na ukabila, na Kanuni ya Dijitali nayo inaadhibu anayeunda au kueneza kwa makusudi maudhui ya kikabila. Hapo neno “makusudi” lipo, na ndipo linapotakiwa kuwa. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wakuu wa redio RTLM na gazeti la Kangura tarehe 3 Desemba 2003, na rufaa ikaamuliwa tarehe 28 Novemba 2007. Hukumu ile ilitenga kwa uangalifu chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji. Na wale watatu walioshtakiwa walikuwa wenye vyombo na waliovielekeza. Hakushtakiwa pale msikilizaji aliyemsimulia mkewe alichokisikia redioni. Tofauti hiyo, kati ya mwenye chombo na msikilizaji anayerudia, ndiyo Kanuni yetu imeisahau.

Kuna upande wa pili wa kisu hiki, nao ni siri ya simu. Ili kumshtaki msambazaji, dola inahitaji kuingia katika simu yake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinampa kila mtu haki ya maisha yake ya faragha na ya siri ya barua na mawasiliano yake, isipokuwa sheria iseme vingine. Maneno mazuri. Lakini Ituri iliingia katika utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, na amri namba 21/016 ya siku tatu kabla yake ikaruhusu misako mchana na usiku na kuzuia machapisho. Kesi za jinai za raia zikahamia mahakama za kijeshi. Rais Tshisekedi alitangaza Oktoba 2023 kwamba hatua hizo zitalegezwa kidogo kidogo. Hata hivyo, mtu aliyezoea kuulizwa vitu vyake vyote kwenye kizuizi cha barabarani hana mahali pa kusimama akasema simu si sehemu ya mzigo. Na vizuizi vya Djugu si vya jeshi pekee. Mtu wa msituni akiifungua simu ya abiria, akakuta odio inayolitukana kundi lake au inayolitaja kabila la abiria, hakuna kifungu cha 360 wala cha 31. Kuna risasi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaodai kwamba dawa ya uvumi ni kuilazimisha WhatsApp ifungue mazungumzo ya watu. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa namna ambayo mtumaji na mpokeaji pekee wanaweza kuusoma. Kampuni yenyewe haiwezi. Ukivunja ufunguo huo kwa ajili ya mpelelezi mwema wa Bunia, umeuvunja pia kwa ajili ya mpelelezi mbaya. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema hivyo tarehe 13 Februari 2024 katika kesi ya Podchasov dhidi ya Urusi, iliyohusu Telegram: kulazimisha kampuni idhoofishe ufunguo wa wachache ni kuudhoofisha wa wote. Tamko la Afrika la 2019 nalo, katika kanuni ya 40, limesimama upande huohuo.

Kongo yenyewe inao mfano wa nini hutokea dola inapoitafuta hatia ndani ya simu. Stanis Bujakera Tshiamala, naibu mkurugenzi wa uchapishaji wa Actualité.cd na mwandishi wa Jeune Afrique, alikamatwa uwanja wa ndege wa N'Djili tarehe 8 Septemba 2023. Alituhumiwa kutengeneza na kusambaza waraka bandia wa idara ya ujasusi kuhusu kifo cha Chérubin Okende, mwanasiasa wa upinzani aliyekutwa amekufa Kinshasa Julai mwaka uleule. Makala ya Jeune Afrique iliyozungumzia waraka huo haikuwa hata na jina lake. Simu zake zilichukuliwa, na upande wa mashtaka ukadai kwamba data za Telegram na anwani ya IP zinaonyesha waraka ulianzia kwake. Reporters Sans Frontières ilizichunguza hoja hizo za kiufundi na kuonyesha kwamba haziwezi kumtambulisha mtumaji wa kwanza. Tarehe 18 Machi 2024 alihukumiwa miezi sita. Akatoka siku iliyofuata, kwa kuwa muda huo alikuwa ameshaumaliza gerezani.

Bujakera alikuwa na magazeti ya nchi kadhaa nyuma yake, na mawakili, na marafiki katika balozi. Kijana wa Iga Barrière hana lolote kati ya hayo. Endapo hoja ya “wewe ndiye uliyetuma kwanza” iliweza kumfunga mwandishi mashuhuri nusu mwaka katika mji mkuu, basi katika mahakama ya mkoa, bila mtaalamu wa kuipinga, itamaliza kesi asubuhi moja.

Sasa turudi kwenye mtambo. Odio yetu ilipita katika mazingira mawili yasiyofanana, na sheria nzuri lazima iyatenge. Ndani ya WhatsApp ilisogea kwa vidole vya watu. Kampuni haikumchagulia mtu nini asikie, ingawa ilibuni kitufe na ikaweka mipaka yake: Januari 2019 ilipunguza mazungumzo ya kupelekewa ujumbe hadi matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukawa unaenda kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Hatua hizo zinaonyesha kitu muhimu, kwamba mwendo wa uvumi unaweza kupunguzwa bila kusoma barua ya mtu yeyote. Lakini Facebook na TikTok hazikungoja vidole. Algoriti ilipima kwamba picha ya mfanyabiashara na sauti ya hofu vinawashikilia watazamaji, ikawapelekea wengine zaidi. Uamuzi wa kumtangaza yule mtu kote Ituri ulifanywa na mashine, kwa lengo lililowekwa na wahandisi, kwa faida ya wenye hisa. Yule mmotari hakuwa na uwezo wa kumfikia mtu hata mmoja nje ya vitabu vyake vya simu.

Walinzi wa mashine hiyo walikuwa karibu nasi kuliko wengi wanavyojua. Kwa miaka kadhaa, maudhui ya Facebook ya nchi nyingi za kusini mwa Sahara yalikaguliwa Nairobi, katika ofisi za kampuni iitwayo Sama, na vijana waliolipwa kidogo ili watazame mauaji siku nzima. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hiyo, aliifungulia Meta, kampuni mama ya Facebook, na Sama kesi Mei 2022. Meta ikasema mahakama za Kenya hazina uwezo juu yake, kwa kuwa haina ofisi huko. Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri alikataa hoja hiyo. Wakaguzi wapatao 180 nao wakafungua kesi yao, na tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya.

Kesi inayofanana zaidi na odio yetu ni nyingine. Profesa Meareg Amare, mhadhiri wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, aliuawa nje ya nyumba yake Novemba 2021, baada ya machapisho ya Facebook kumtaja jina na kumtuhumu kuwasaidia waasi wa Tigray. Mwanawe, Abrham Meareg, anasema aliiripotia kampuni machapisho hayo na hakusikilizwa kwa wakati. Desemba 2022 yeye, mtafiti Fisseha Tekle na Katiba Institute ya Kenya waliishtaki Meta katika Mahakama Kuu ya Nairobi. Madai yao hayakukomea kwenye chapisho moja. Walisema algoriti yenyewe inaikuza chuki, na kwamba kampuni haikuweka watu wa kutosha wanaozijua lugha za Ethiopia. Wanaomba mfuko wa fidia wa zaidi ya dola bilioni 1.6. Tarehe 3 Aprili 2025 Jaji Lawrence Mugambi aliamua kwamba mahakama ya Kenya ina uwezo wa kuisikiliza. Ni hatua ya mlangoni tu. Ukweli wa madai bado kupimwa. Lakini mlango umefunguliwa.

Hoja ya lugha ina uzito wa pekee kwetu Ituri. Wahema wa kaskazini, hao wanaoitwa Wagegere, wengi wao husema lugha ileile ya Walendu. Mashine inayotambua chuki kwa kutambua lugha ya kabila haitaona kitu Djugu: anayetukana na anayetukanwa wanaongea sawa. Maneno yanayoua hapa ni majina ya vilima, ya koo, ya wanyama, na kejeli ambazo hugeuka maana kutoka kijiji hadi kijiji. Kiswahili cha Bunia kinayachanganya na Kifaransa na Kilingala katika sentensi moja. Hakuna atakayeyasoma isipokuwa mtu aliyeishi hapo. Kampuni inayokusanya fedha kwa matangazo yanayoonekana Bunia, pasipo kuajiri hata watu wachache wanaoyaelewa mazungumzo ya Bunia, imechagua kutoona. Katika sheria, kuchagua kutoona kuna jina lake: uzembe.

Na uzembe tunao katika vitabu vyetu tangu karne ya 19. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na wajibu, ile tunayoiita Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai, bado inatumika. Kifungu cha 258 kinasema kila tendo la mtu linalomletea mwingine hasara linamlazimisha aliyekosea kuilipa. Cha 259 kinaongeza hasara iliyotokana na uzembe au kutojali. Na cha 260 kinamfanya mtu awajibike pia kwa hasara iliyosababishwa na vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Mahakama zetu zimezoea kukitumia hicho cha mwisho kwa magari na mashine. Sioni sababu ya kisheria ya kuikataa algoriti ndani yake. Ni kitu kilicho chini ya ulinzi na amri ya kampuni pekee: ndiyo inayoiwasha, inayoibadilisha, inayojua inavyofanya kazi. Na sheria ya mpangilio wa mahakama ya tarehe 11 Aprili 2013 inaruhusu mgeni kushtakiwa Kongo pale wajibu unaodaiwa ulipozaliwa nchini humu. Duka lilivunjwa Iga Barrière. Hasara ilizaliwa Iga Barrière.

Watanipinga kwa mfano wa Marekani. Ni kweli kwamba huko kifungu cha 230 cha sheria ya 1996 kinazikinga kampuni dhidi ya maneno ya watumiaji, na kwamba tarehe 18 Mei 2023, katika kesi ya Twitter dhidi ya Taamneh, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba kupendekeza video za magaidi kwa mtambo uleule unaopendekeza kila kitu hakutoshi kuifanya kampuni kuwa msaidizi wa ugaidi. Lakini kesi ile ilitafsiri sheria ya Marekani kuhusu kusaidia ugaidi, na kifungu cha 230 ni cha Wamarekani. Dekreti ya 1888 haina kinga hiyo. Ulaya nayo imeshika njia nyingine: sheria yake ya huduma za kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024, inaziamuru kampuni zenye watumiaji zaidi ya milioni 45 katika Umoja huo zipime hatari zinazoletwa na mitambo yao na kuzipunguza, kwa tishio la faini ya hadi asilimia 6 ya mapato ya dunia nzima. Haizilazimishi kusoma kila ujumbe. Inazitaka zijibu kuhusu mashine zao. Huo ndio mstari ninaoupigania: usikitoze kisanduku cha barua kosa la mwandishi, wala usimsamehe mpiga mbiu aliyelipwa kuisoma barua ile sokoni.

Serikali ya Kongo, badala ya kuzidai kampuni, imezoea kuzima. Ilikata intaneti tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi na kuirudisha siku 20 hivi baadaye. Februari 2025, baada ya Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, ikazuia X na TikTok. Kuzima hakumrudishii mfanyabiashara jina lake. Kunamnyima dereva wa Iga Barrière odio ya kweli pamoja na ya uongo, tena siku ambazo anaihitaji zaidi.

Nigusie na data za wahami, kwa kuwa mjadala wa faragha huwaruka. Mtu aliyekimbia Djugu huandikishwa na kila shirika: jina, kabila, kijiji, alama za vidole, picha ya watoto. Hana nguvu ya kukataa, maana kadi ndiyo unga. Tarehe 19 Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika data za zaidi ya watu 515,000, miongoni mwao waliotengana na ndugu zao kwa vita, data zilizokusanywa na vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu duniani. Shirika lile lilitangaza lenyewe, na hilo ni la kusifiwa. Lakini orodha ya majina, makabila na vijiji vya asili katika nchi ya makundi yenye silaha ni kitu cha kutisha. Kanuni ya Dijitali imeagiza kuwepo Mamlaka ya Kulinda Data. Kazi yake ya kwanza ya maana ingekuwa kwenye kambi za Ituri, kabla hata ya benki za Kinshasa. Na iziangalie pia picha za maiti. Familia za Plaine Savo zilikuwa na haki ya kuomboleza bila dunia kuvihesabu vidonda vya watoto wao kwenye skrini.

Kuhusu kifungu cha 360, uko mlango Arusha. Kongo iliweka hati za kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 11 Julai 2022, na raia wake sasa wanaweza kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki bila kuomba ruhusa ya serikali. Mahakama hiyo iliamua tarehe 28 Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria ya huduma za habari ya Tanzania, vikiwemo vya habari za uongo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kikwazo ni muda: Mkataba unatoa miezi miwili tu tangu tendo linalolalamikiwa au tangu mlalamikaji alipolijua. Kwa kifungu kilichotungwa Machi 2023, muda wa kukishambulia moja kwa moja umepita, na kwangu hiyo ni nafasi tuliyoipoteza bure. Inabaki kushambulia kila kinapotumika: siku mtu anapokamatwa kwa kusambaza, saa inaanza upya, na chama cha mawakili cha Bunia kinapaswa kuwa na karatasi tayari.

Na dhidi ya kampuni, kesi hujengwa kabla ya machozi kukauka. Machapisho hufutwa, akaunti hubadili majina. Picha ya skrini peke yake hupingwa kwa urahisi mahakamani; huissier wa mahakama akifungua kiungo mbele ya mashahidi, akaandika anwani, tarehe, saa na idadi ya waliotazama, hiyo ni hati ya kushika. Mwenye kudhurika airipoti Facebook au TikTok siku ileile na aihifadhi namba ya ripoti pamoja na jibu, hata likiwa ni lile la kwamba chapisho halikukiuka kanuni zao, kwa sababu tangu dakika hiyo kampuni haiwezi kusema haikujua. Tafsiri ya odio iandikwe na mtu wa Djugu, aeleze kila jina la kilima na kila kejeli. Risiti za duka, ushahidi wa majirani, gharama za kukimbilia Bunia: vyote viingie. Mashtaka yaelekezwe kwa mwenye mtambo chini ya vifungu vya 258, 259 na 260, na mmotari aitwe kama shahidi.